Wazee Watemwe, Lakini Nani Amewatazama?

Ligi zikiisha ndipo mjadala unapoanza. Kibera, kuanzia Olympic hadi Laini Saba, na Kawangware, kuanzia steji ya 56 hadi Congo, swali huwa ni lile lile: nani atemwe? Mtu anatoa orodha yake. Mwingine anaipinga. Kinyozi anaacha kichwa cha mteja nusu, wa boda anazima pikipiki, na kabla chai haijapoa wachezaji wanne wenye miaka thelathini na kitu wameshapigwa kalamu. Hakuna aliyeuliza kama wana watoto shuleni.

Nataka kuuchukulia huu mjadala kwa uzito, vile mtu angechukulia riwaya au filamu. Kwangu ni uhakiki. Una hoja, una mifano, una hukumu, na wanaoufanya kila siku ni wengi kuliko watakaowahi kusoma uhakiki wa kitabu chochote hapa Nairobi. Basi na wenyewe uhakikiwe. Swali langu ni hili: tunapomtema mzee, tunatumia macho au masikio? Nikisikiliza vizuri, naona inategemea mzee mwenyewe anachezea wapi. Akiwa Manchester, tunamhukumu kwa macho. Akiwa hapa Nairobi, tunamhukumu kwa masikio. Na hukumu ya masikio, hata ikibahatisha ukweli, haijamtendea mtu haki.

Tuanze na Casemiro, maana kesi yake ilionyesha mjadala wetu ukiwa kwenye fomu nzuri.

Manchester United walimnunua Agosti 2022 kutoka Real Madrid, akiwa ameshachukua Klabu Bingwa Ulaya mara 5. Msimu wa kwanza alipendwa. Fainali ya Carabao Cup dhidi ya Newcastle, Februari 2023, yeye ndiye aliyefungua mabao kwa kichwa. Msimu wa pili miguu ikaanza kukataa maagizo. Tarehe 6 Mei 2024, nyumbani kwa Crystal Palace, alipangwa beki wa kati kwa sababu mabeki wenyewe walikuwa majeruhi, na United wakanyolewa 4-0. Usiku huo Jamie Carragher, beki wa zamani wa Liverpool, alimshauri kwenye televisheni aiache soka ya kiwango kile kabla soka haijamwacha yeye.

Mtaani watu waligawanyika. Kundi moja likasema injini imekufa. Ushahidi wao: anafika kwenye mpira hatua moja amechelewa, analazimika kumwangusha mtu, anakula kadi. Kundi la pili likajibu kwamba umemtoa kiungo ukamfanya beki, halafu ukamwachia nusu ya uwanja aifagie peke yake, sasa unashangaa amechoka? Tatizo ni pengo kati ya safu ya kiungo na safu ya nyuma, na pengo halina umri. Hapo ndipo unamkuta mtu anayeuza viazi karai akipanga vizibo vya soda kwenye meza kuonyesha vile pengo lilivyofunguka. Hajawahi kukanyaga darasa la ukocha. Lakini ameona. Na anayempinga pia ameona. Walikuwa kwenye ukumbi mmoja wa video, benchi moja, mechi moja, kwa hivyo ubishi wao ulikuwa na mahali pa kusimama.

Msimu uliofuata, tarehe 1 Septemba 2024, Liverpool walishinda 3-0 pale Old Trafford na Casemiro akatolewa wakati wa mapumziko baada ya kupoteza mipira iliyozaa mabao. Waliotaka atemwe wakasema tuliwaambia. Halafu ikafika tarehe 17 Aprili 2025, United na Lyon, Ligi ya Europa, muda wa nyongeza. Lyon, wakiwa wamebaki kumi uwanjani, wakaongoza 4-2 zikiwa zimesalia dakika chache. Casemiro akaangushwa kwenye boksi, Bruno Fernandes akafunga penalti. Casemiro akampa pasi Kobbie Mainoo, ikawa 4-4. Casemiro akainua krosi, Harry Maguire akaipiga kichwa, 5-4, mechi imeisha. Maguire mwenyewe alikuwa amevuliwa ukapteni Julai 2023, na ni nadra kupata orodha ya watu wa kutemwa isiyokuwa na jina lake. Wazee wawili waliotupwa na kila kibanda ndio waliobeba timu usiku ule.

Kilichonifurahisha ni vile watu walivyobadilisha msimamo. Hakuna aliyejificha. Mtu alisimama akasema, sawa, Case bado ako na kitu. Kwenye mjadala wa macho hilo linawezekana, kwa sababu kilichokubadilisha kimeonekana na wote. Na United walipopoteza fainali 1-0 kwa Tottenham pale Bilbao mwezi uliofuata, mjadala ulifunguliwa upya, bado kwa ushahidi. Ndivyo uhakiki unavyotakiwa kutembea.

Sasa sikiliza maneno yenyewe. Mchezaji "ameisha," kama unga kwenye gorogoro. "Amechoka," na mtaani kuchoka kuna pande mbili: mwili kuishiwa nguvu na mfuko kuishiwa pesa. Ukiambiwa fulani amechoka siku hizi, huenda hata hajafanya kazi yoyote. "Mzee" ukiitwa nyumbani ni heshima na unawekewa kiti. Ukiitwa uwanjani ni hukumu, na kiti chenyewe ni cha benchi. Halafu kuna kupigwa kalamu, kumwaga unga, kibarua kuota nyasi.

Karibu maneno haya yote hayakuzaliwa kwenye mpira. Yametoka kazini. Fikiria kibarua anayeamka Kibera saa kumi na moja alfajiri akatembea hadi Industrial Area kusimama kwenye lango. Anayechagua watu hasomi mtu ana uzoefu wa miaka mingapi. Anaangalia mabega. Mjengo nao hauulizi umejenga nyumba ngapi. Unauliza kama leo unaweza kupandisha mawe hadi orofa ya nne. Mtu wa miaka 38 akirukwa asubuhi, jioni atarudi mtaani aseme Casemiro wa miaka thelathini na kitu ameisha. Wengine wanaona huo ni ukatili. Mimi naona anatumia kipimo alichopimwa nacho yeye. Hajawahi kupewa kingine.

Ndiyo maana nasema mjadala huu si wa kupitisha wakati tu. Tunapoamua ni lini mchezaji amezeeka, na anastahili nini akizeeka, tunafanya mazoezi ya kuamuana sisi wenyewe.

Turudi nyumbani basi. Chukua Dennis Oliech. Huyu ni mtu aliyefunga kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 2004 kule Tunisia, akiwa na miaka 19, siku Kenya ilipoichapa Burkina Faso 3-0 na kupata ushindi wake wa kwanza kabisa kwenye mashindano hayo. Akacheza Ufaransa miaka mingi: Nantes, Auxerre, Ajaccio. Aliifungia Harambee Stars mabao zaidi ya 30. Januari 2019, akikaribia miaka 34, akasaini Gor Mahia.

Uliza Kibera leo Oliech alichezaje Gor. Utapata majibu mengi na yote yatakuwa mafupi. Alikuwa amenenepa. Alikuja kumalizia pensheni. Alikuwa bado na akili ya mpira lakini vijana hawakumwelewa. Haya, mechi gani? Dakika ya ngapi? Nani alimkaba? Kimya. Mtu yule yule aliyekupangia vizibo vya soda kuhusu Casemiro hana hata kizibo kimoja kuhusu Oliech.

Kuna sababu, na haihusu mapenzi. SuperSport, waliokuwa wakiionyesha ligi ya Kenya kila wiki, walijiondoa mwaka 2017. Azam TV walikuja 2023. Katikati ya hapo ligi iliishi maisha ya kamera za kubahatisha. Oliech alirudi nyumbani ndani ya shimo hilo. Aliyetaka kumwona ilibidi aende uwanjani, na ingawa Nyayo ni mwendo wa miguu kutoka Laini Saba, mechi nyingi zilichezwa siku na saa ambazo mtu wa kibarua hawezi kuacha kazi. Wengi wetu tulimjua Oliech wa Gor kupitia picha moja ya simu, tumbo likiwa limeonekana kidogo kwenye jezi. Picha moja ikageuka ripoti ya daktari.

Halafu siasa ikaingia. Mwaka huo huo wa 2019 mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alifariki, na kiti kikawa wazi. Oliech akatangaza nia ya kukitafuta. Klabu ikavunja mkataba wake. Hakukuwa na mechi ya kumuaga, na mitaani mjadala haukuuliza tena kama alicheza vizuri au vibaya. Ulihama kabisa kutoka kwa miguu yake hadi kwa tamaa yake.

Kilichofuata kilikuwa kama kejeli. Kwenye karatasi ya kura ya tarehe 7 Novemba 2019, jina la mchezaji lilikuwepo kweli, lakini la McDonald Mariga, aliyekuwa kwenye kikosi cha Inter Milan kilichochukua Klabu Bingwa Ulaya mwaka 2010. Alisimama kwa tiketi ya Jubilee. Imran Okoth wa ODM alipata kura 24,636, Mariga 11,230. Sisemi Kibra ilimkataa kwa sababu ya umri au mpira; ile ilikuwa ngome ya ODM na marehemu alikuwa ndugu ya mshindi. Nasema hivi: siku ile kila mpiga kura alijua anampima Mariga kwa kipi. Chama, ukoo, ahadi, barabara, vyoo. Vigezo vilikuwa mezani. Oliech, kwenye kazi aliyoifanya tangu utotoni, hakuwahi kuwekewa vigezo hivyo mezani. Na Mariga hakuisha. Desemba 2024 alichaguliwa naibu rais wa shirikisho la soka nchini, akiwa pamoja na Hussein Mohammed.

Nikienda Kawangware mjadala unabadilika rangi. Huku Ingwe wana watu wao wengi, na AFC Leopards hawajachukua ligi tangu 1998. Shabiki aliyezaliwa mwaka huo sasa ni mtu mzima na hajawahi kuona kombe la ligi likiletwa nyumbani. Kwa hivyo mzee wa Kawangware anagawanywa mara mbili. Kuna mzee wa zamani, huyo haguswi. Taja Joe Kadenge, aliyeng'aa enzi za Abaluhya, timu iliyokuja kuitwa AFC Leopards, na hata kijana ambaye hakuwahi kumwona atakwambia "Kadenge na mpira," maneno ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela. Halafu kuna mzee wa sasa, aliye na jezi mgongoni leo, na huyo hana rafiki. Huyo analipia miaka yote tangu 1998, hata ile aliyokuwa chekechea.

Lakini hata heshima ya wazee wa zamani ina kasoro. Kadenge, kabla hajafariki Julai 2019, alikuwa ameendesha teksi Nairobi miaka mingi baada ya mpira. Jina lake lilikuwa kwenye kila mdomo, naye mwenyewe alikuwa kwenye usukani akitafuta abiria. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba Kawangware inapenda wazee na Kibera inawachukia. Wote tunapenda mzee akiwa hadithi. Akiwa bado na mkataba tunaona gharama.

Na gharama ndiyo sehemu ambayo orodha zetu huiruka kabisa. Kati ya 2021 na 2022 AFC Leopards walikuwa chini ya marufuku ya FIFA ya kusajili wachezaji. Sababu? Madeni ya wachezaji na kocha waliokuwa wameshaondoka. Gor Mahia nao walionja adhabu ya aina hiyo. Soma hapo tena polepole. Mtu uliyemtema bila kumlipa ndiye aliyekufungia dirisha la usajili. Mashabiki walikuwa vibandani wakitengeneza orodha za kutoka na kuingia, huku klabu haiwezi kumwingiza mtu. Ingwe, chini ya kocha Patrick Aussems, wakalazimika kutegemea vijana. Baadhi yetu tulishangilia: si ndicho tulichotaka, damu changa? Vijana walipigana kweli, na kombe halikuja. Kijana anayecheza bila mkubwa wa kumwambia "tulia, shikilia mpira, dakika ziishe" anajifunza kwa kufungwa. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Kwa Ingwe hata huo msala haukuwa umepita. Tulitupa mkeka tukabaki sakafuni.

Hapa najua nitajibiwa, na jibu lenyewe lina nguvu. Klabu si chama cha kusaidiana. Kila jezi ambayo mzee amekaa nayo ni jezi ambayo kijana wa Gatwekera au wa Gatina hajaipata. Ukitembea jioni pale Woodley utaona watoto wanaopiga mpira vizuri kuliko watu wanaolipwa. Mzee akibaki kwa huruma, kijana anakaa nje mpaka naye azeeke. Hii hoja siipingi. Wazee watemwe. Wengine walistahili kutemwa misimu miwili iliyopita. Ninachopinga ni kutema bila kutazama, kwa sababu mazoea hayo hayachagui umri. Mtu asiyekuja uwanjani kumwona mzee hatakuja kumwona kijana vilevile. Atamsikia. Na siku kijana atakosa penalti moja, huyo huyo atasikia kwamba kijana hafai.

Tena kwetu umri wenyewe ni wa kubahatisha. Kuna umri wa kitambulisho na kuna umri wa mtaani, na kila msimu lazima mtu aapishe benchi nzima kwamba winga fulani alisoma na mjomba wake darasa moja. Tunacheka, lakini angalia kinachotokea: badala ya kubishana mtu amefanya nini dakika 90, tunabishana alizaliwa mwaka gani. Mimi niliacha chuo kikuu kabla ya kumaliza, na nimekaa mbele ya watu wengi wanaouliza karatasi kabla ya kuuliza kazi. Karatasi ya umri haiwezi kukuonyesha kama beki anasoma mchezo mapema. Hiyo inaonekana kwa kutazama tu.

Tumeshaona kwamba tukipewa nafasi ya kutazama, tunajua. Agosti 2025 mashindano ya CHAN yalikuja Kasarani. Harambee Stars ya Benni McCarthy, wachezaji wote wa ligi ya nyumbani, iliichapa DR Congo 1-0, ikatoka 1-1 na Angola, ikaichapa Morocco 1-0, ikaichapa Zambia 1-0. Kapteni alikuwa Abud Omar, beki wa kushoto aliyekuwa ameshavuka miaka 30 na kupitia soka ya Ulaya kabla ya kurudi nyumbani. Kenya ikatoka robo fainali kwa penalti mbele ya Madagascar. Wiki zile nilisikia mitaani kitu ambacho sikuwa nimekizoea: watu wakimzungumzia mchezaji mkongwe wa Kenya kwa lugha ya Casemiro. Alipanda lini, nani alimfunikia akipanda, kwa nini alimtuliza kijana badala ya kumfokea. Hakuna aliyetaja tumbo wala mjomba. Skrini zilikuwa zimewashwa, na macho yakafanya kazi yake.

Kwa hivyo kabla hujaniletea orodha msimu huu, iwe ya Gor, ya Ingwe au ya timu ya mtaa wenu, nina maswali matatu. Umemwona mechi ngapi, nzima, si vipande vya simu? Ni kitu gani hasa alichokuwa akifanya na sasa hafanyi: kasi, pasi, nafasi, au ni sura tu imekuzoea? Na akienda, ameshalipwa anachodai? Ukijibu yote matatu, mteme bila wasiwasi, nami nitakuunga mkono hata kama ni mchezaji ninayempenda. Ukishindwa la kwanza, ligi inaonyeshwa siku hizi, na lango la uwanja liko wazi. Nenda kwanza. Tutabishana ukirudi.